Mbona M Hainiingii, na Mbona Hii Kompyuta Haiwaki? Maswali Tunayoulizwa Kila Siku

Fremu yetu ni moja, biashara ni mbili. Upande wa kulia mke wangu anatundika mitumba. Upande wa kushoto nina meza, bisibisi na kompyuta za watu zilizofunguliwa tumbo. Tulipoanza tulidhani wateja wa huku na wa kule watakuwa tofauti. Wapi! Wote wanaingia na kilio kilekile: "Imeandikwa hivi, mbona iko vile?" Gauni limeandikwa 12 na limegomea nyongani. Laptopu imeuzwa kwa jina la i5 (jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta) na inachukua dakika tano kuwaka. Maswali tumeyapa namba ili tusirudie mambo. Tukikuambia "angalia la 4", panda juu usome la 4.

## Nguo: ya mwanzomwanzo

1. Duka moja mimi ni M, la pili ni XL. Nimenenepa?

Pengine umenenepa, lakini lebo siyo ya kukuambia. S, M na L hazikupimwa popote. Kila kampuni inachagua mtu wake wa mfano, inamshonea yeye, halafu inapanua na kupunguza kutoka hapo. Anayemshonea kijana wa Tokyo, M yake lazima iwe ndogo kuliko ya anayemshonea baba mtu wa Texas, na hapa kwetu zote mbili zinatoka kwenye belo moja.

Halafu kuna ujanja wa biashara. Mtu akiingia kwenye namba ndogo anafurahi, na akifurahi anatoa pesa. Kwa hiyo kwa miaka mingi nguo zimekuwa zikipanuka huku namba ikibaki palepale. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya Marekani (ndiyo, hiyohiyo ya mahindi na ng'ombe) ilipima wanawake karibu 15,000, na vipimo vile vikazaa kiwango cha saizi kilichotolewa mwaka 1958. Kwenye kiwango kile, namba 8 ilikuwa ya kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu. Leo shika gauni la Marekani lenye namba 8, pitisha futi kiunoni: utakuta linakaribia inchi 28 au 29. Kiwango chenyewe kilifutwa mwaka 1983, na toka hapo kila mtu anakata kwa futi yake.

2. Lebo inasema 12. Ni 12 ya wapi?

Hilo ndilo swali la maana kuliko yote, na wachache wanaliuliza. Kwa kawaida 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa na 44 ya Italia. Ukitoka Uingereza kwenda Marekani toa 4, inatosha kukumbuka.

Makoti ya kiume yana hesabu yake. Koti la 50 la Ulaya ni 40 la Uingereza au Marekani, kwa sababu Ulaya wanachukua nusu ya kifua kwa sentimita (kifua cha 100 kinakuwa 50), wenzao wanaandika kifua kizima kwa inchi.

Kama namba iko peke yake, geuza nguo utafute ile lebo ndogo ya kufulia. Ukiona herufi RN zikifuatiwa na tarakimu, nguo hiyo iliandaliwa kwa soko la Marekani. Ikiwa namba zimepangwa mstari na majina ya nchi, kazi yako imekwisha.

3. Jinzi mbili, kampuni moja, namba moja, moja inaingia na nyingine haiingii. Inawezekanaje?

Siku moja mteja alibishana na mke wangu kuhusu jambo hili mpaka nikaacha kompyuta yangu. Tukatandaza mezani jinzi tatu, zote zimeandikwa 34, tukazifunga kifungo na kupima kiuno kwa futi. Ya kwanza inchi 34 na nusu. Ya pili 36. Ya tatu, ya bluu iliyopauka, ilikuwa 37. Mteja akanyamaza, akachukua ya pili.

Kiwandani vitambaa vinapangwa tabaka juu ya tabaka na kukatwa kwa pamoja. Kisu kikiyumba kidogo, tabaka la juu na la chini hayatoki sawa. Mshonaji naye akila mshono milimita chache zaidi kila upande, kiuno kinapungua. Kampuni yenyewe inaruhusu tofauti ya sentimita moja au zaidi kabla ya kuitupa nguo. Na rangi nayo ina mkono wake: jinzi nyeusi na ya bluu zinapikwa na kufuliwa tofauti, kwa hiyo hazirudi kwa kiasi kimoja. Ukipenda mfano mmoja wa bluu, usibebe mweusi wake kwa kuamini namba.

4. Basi nijipimeje?

Usijipime mwili, pima nguo. Chukua shati na suruali unazozipenda nyumbani, zile ukivaa watu wanakusifia. Zilaze kitandani, zinyooshe bila kuzivuta. Shati: kwapa hadi kwapa, halafu zidisha mara mbili, bega hadi bega, urefu kutoka shingoni. Suruali: kiuno kikiwa kimefungwa, mara mbili, nyonga, mapaja, na mshono wa ndani kutoka msambani hadi pindo. Andika kwenye simu. Ukifika sokoni unapima nguo ya kwenye henga kwa njia hiyohiyo na kulinganisha namba na namba.

Futi ya kushonea haizidi uzito wa leso. Mke wangu anasema mtu anayekwenda mnadani bila futi amekwenda kutembea.

5. Sokoni hakuna pa kujaribia. Ile ya kuzungusha suruali shingoni ni kweli?

Ni kweli kwa kukadiria. Ukishika kiuno cha suruali iliyofungwa na kukizungusha shingoni, ncha zikikutana nyuma bila kukukaba, kiuno chako kitaingia. Inafanya kazi kwa sababu kwa watu wengi mzunguko wa shingo ni karibu nusu ya kiuno. Ila shingo haijui nyonga. Akina dada wenye kiuno chembamba na nyonga pana wanarudi kila wiki na suruali iliyopita shingoni na kukwama mapajani. Kwao tunasema angalia la 4.

6. Na viatu?

Viatu vina hesabu halisi, ila zinagongana. Namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita. Namba moja ya Uingereza ni theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8 na nusu. Hatua zenyewe hazilingani, ndiyo maana hakuna jedwali linalokaa sawa toka juu mpaka chini.

Simama juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa mizunguko ya siku, piga mstari kisigino na kidole kirefu, pima sentimita. Raba nyingi ndani ya ulimi zina mstari wa CM au JP (saizi ya Japani, nayo ni sentimita). Soma huo, achana na mingine.

7. Kanzu 56 ni 56 ya nini?

Hapa pumzika. Kanzu na baibui ni katika nguo chache ambazo namba yake kwa kawaida ni kipimo cha kweli: urefu kwa inchi. 56 ni inchi 56, yaani kama sentimita 142, kutoka begani hadi pindo. Pima kutoka begani hadi kifundo cha mguu. Mwenye kitambi aongeze inchi moja, kwa sababu tumbo linanyanyua mbele na kanzu inakuwa fupi kama ya mtoto aliyekua. Upana ni habari nyingine, muulize muuzaji.

## Nguo: yaliyokorogeka

8. Nimeifua mara moja imerudi. Itanyooka?

Pamba na sufu hurudi, hasa kwa maji ya moto. Mtumba wa pamba kwa kawaida umeshafuliwa mara nyingi huko ulikotoka, kwa hiyo una raha moja: ulichopima leo ndicho kitakachobaki. Mpya wa dukani ndio wa kuuogopa. Nunua ukiwa na nafasi ya kidole kiunoni na inchi moja ya urefu.

Sufu iliyogandamana haifunguki. Pamba unaweza kuiloweka maji ya uvuguvugu, kuivuta taratibu ikiwa mbichi na kuianika ikiwa imelala. Utapata sentimita moja, mbili. Usitegemee muujiza.

9. Fundi anaweza kuiongeza?

Kupunguza karibu kila kitu kinawezekana. Kuongeza kunategemea kilichomo ndani. Geuza nguo, angalia akiba ya kitambaa pembeni mwa mshono wa nyuma ya suruali. Suruali rasmi za kiume mara nyingi huachiwa kitambaa hapo, jinzi hazina. Pindo likiwa nene, urefu upo, ila mstari wa kunjo la zamani unaweza kubaki umepauka.

Mabega usiyaguse. Koti linalopwaya begani ni kulifumua lote, na fundi mzuri atakutoza karibu na bei ya koti jingine. Bega likikaa sawa, mengine yote yanatengenezeka. Mimi ningesema hata usiangalie lebo ya koti: angalia mshono wa bega unaishia wapi.

10. Sidiria yangu ni 34C, ya Ulaya ni ngapi?

34 ya Uingereza na Marekani ni 75 ya sehemu kubwa ya Ulaya na 90 ya Ufaransa. Herufi nayo haisimami peke yake: kikombe cha 34C ni sawa na cha 36B na cha 32D. Ukikosa yako, jaribu jirani zake hao wawili. Hizi tunazungumzia za dukani. Nguo za ndani za mitumba Shirika la Viwango (TBS) limezikataza Tanzania, na kwetu hazimo.

## Kompyuta: ya mwanzomwanzo

11. Imekuwa nzito, inaganda. Nianze wapi?

Usianze na "kupiga Windows" upya. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu ya diski. Ikikaa asilimia 100 wakati hujafungua chochote, tatizo ni ile diski ya zamani ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani na mkono unaokimbia huku na huku kutafuta mafaili, na mkono huo umechoka. Weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya aina ya SATA ya inchi 2.5, laptopu nyingi za miaka kumi na zaidi iliyopita zinaipokea bila kubadilisha kingine. Sijaona pesa inayofanya kazi vizuri kwenye kompyuta kuukuu kuliko hiyo.

Weka sikio karibu. Ukisikia diski inagonga, tik, tik, kama kucha mezani, zima sasa hivi. Usiiwashe tena "kujaribu kidogo". Kila inapowaka inazidi kujikwaruza, na picha za harusi ndizo zinazokwanguliwa.

Kama diski imetulia lakini RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi) ndiyo iliyojaa, nenda la 15.

12. Nimeuziwa Core i5, mbona inazidiwa na i3 ya jirani?

Kwa sababu "i5" ni kama "M". Jina hilo Intel walianza kulitumia mwaka 2009 na bado wamelitumia miaka chungu nzima baadaye. Angalia tarakimu baada ya kistari. i5-2520M ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011, ina viini 2. i5-8250U ni kizazi cha 8, ya mwaka 2017, ina viini 4. Zote ni i5, na ukiziweka pamoja ni kama bajaji na basi. Tarakimu zikianza na 10, 11 au 12, hizo mbili za mwanzo ndizo kizazi.

Stika usiiamini, inabandikwa na kubanduliwa. Kabla ya kutoa pesa iwashe mwenyewe, andika `msinfo32` kwenye sehemu ya kutafutia, usome mstari wa prosesa. Muuzaji akikuzuia, una jibu lako.

13. Diski imeandikwa 500, ndani naona 465. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili. Windows inagawanya kwa 1,024 mara tatu badala ya 1,000, kwa hiyo 500 inasomeka 465, na 256 inasomeka 238. Futi mbili tofauti zimepima kitambaa kimoja.

14. Kila nikiwasha saa inarudi miaka ya nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka.

Haya mawili ni tatizo moja. Kwenye bodi kuna betri bapa kama sarafu inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka ilipotengenezwa. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe, na kompyuta iliyoko nyuma miaka kumi inaviona kama vya kughushi, basi inafunga mlango. Watu wanamlaumu mtoa bando.

Betri hiyo ni CR2032, volti 3, ni vitu vya bei ndogo. Kwenye kompyuta ya mezani unaitoa kwa ukucha. Kwenye laptopu mara nyingine ina waya wake na imefichwa chini ya kibodi. Namba yake naipenda: 20 ni upana wa milimita 20, 32 ni unene wa milimita 3.2. Ni kama kanzu ya la 7.

15. Naongeza RAM. Yoyote itaingia?

Haitaingia. DDR3 na DDR4, vizazi viwili vya RAM, zina pengo sehemu tofauti, ikikugomea usiisukume. Na kwenye DDR3 kuna mtego: ya volti 1.5 na ya volti 1.35, ambayo imeandikwa PC3L. Zinafanana na zinaingia tundu moja, lakini laptopu nyingi za kizazi cha 4 cha Intel zinataka ya L tu, ukiweka nyingine haiwaki. Toa iliyomo, njoo nayo. GB 4 siku hizi brauza peke yake inazimaliza, fika 8.

Ukiongeza RAM lakini Windows yako ni ya biti 32, haitaona zaidi ya GB 3 na kitu. Hiyo RAM inabaki kama suti kabatini.

16. Windows 10 imekufa. Nitupe?

Microsoft waliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka vya usalama kwa wanaojisajili, hadi Oktoba 2026. Kompyuta itaendelea kuwaka. Kinachokatika ni kuzibwa kwa matundu, kwa hiyo mambo ya benki na pesa usiyafanyie humo kwa muda mrefu.

Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, karibu kila mara kizazi cha 8 kwenda mbele. Njia za kuzunguka zipo, vijana wanazifanya, lakini hakuna anayekuahidi kwamba sasisho lijalo halitakugomea. Kwa kompyuta ya kuandikia, kusoma na intaneti, mimi huweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Inaanzia GB 2 za RAM, ingawa 4 ndiyo raha. Onyo moja: kama kazi yako inategemea programu fulani ya uhasibu ya Windows, jaribu kwanza kwa fleshi kabla ya kufuta kitu.

## Umeme na joto

17. Chaja imekufa. Naweza kuazima ya laptopu nyingine?

Soma maandishi madogo mgongoni mwake. Volti zilingane: 19.5 na 19 huvumiliana, 19 na 12 hapana. Ampea za chaja ziwe sawa na zinazotakiwa au zaidi, kamwe pungufu. Zidisha: 19.5 kwa 3.34 ni wati 65. Ukiweka ya wati 45 kwenye mashine ya 90, itachemka na kuchaji kwa kusuasua.

Dell wana kisindano katikati ya kichwa cha chaja kinachoitambulisha. Kikikatika, au chaja ikiwa ya kuigiza, laptopu inawaka ila betri haijai. Watu wananunua betri mpya bure.

18. Nimeletewa kompyuta ya mezani kutoka Marekani. Nichomeke tu?

SUBIRI. Geuza nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme. Ukiona kiswichi chekundu kimeandikwa 115, kisukume kisomeke 230 kabla ya chochote. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu Tanzania ni 230, na Kenya ni 240.

Hili nalijua kwa kuungua. Mwaka wa kwanza wa fremu nilichomeka moja kwa haraka, mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu. Ikalia paa! kama kombe la chai lililodondoka, na harufu ya samaki aliyeungua ikakaa mpaka kesho yake. Nililipa pawa saplai, na nikashukuru kwamba bodi ilipona. Zile zenye maandishi 100–240V hazina swichi na hazina shida, zinajirekebisha zenyewe.

19. Inachemka halafu inajizima.

Vumbi. Fungua, utakuta blanketi la kijivu kati ya feni na mapezi ya shaba. Litoe kwa brashi ya rangi iliyo kavu, na ukipuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke. Ile dawa nyeupe kati ya prosesa na shaba ikishakauka kama chaki, ifute, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya mchele. Na ushuke kitandani: godoro ndilo linaloziba matundu ya chini.

20. Betri yangu ni nzima? Muuzaji anasema saa nne.

Fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika `powercfg /batteryreport`. Inatengeneza ripoti yenye namba mbili: uwezo iliozaliwa nao na uwezo wa leo. Ikiwa ilizaliwa na 48,000 na leo inashika 19,000, gawanya mwenyewe hizo saa nne.

Ikiwa imevimba, na dalili ni kipanya cha kugusa kinachonyanyuka au laptopu kutolala sawa mezani, usiipasue na usiichaji tena. Zima, lete. Usiitupe jalalani, wala usiichome na takataka. Lithiamu ikitobolewa inawaka. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za umeme, kwingine mpe fundi anayekusanya.

## Yasiyotokea kila siku

21. Nimenunua Chromebook, inadai ni mali ya shule ya Marekani.

Na ni kweli. Shule iliisajili na haikuiondoa ilipoiuza au kuitoa. Ukiifuta inarudi palepale, kwa sababu usajili uko kwa mwenye shule, si ndani ya diski. Mwenye kuifungua ni shule hiyo tu. Rudisha kwa muuzaji mapema. Vivyo hivyo kwa laptopu ya ofisi yenye nywila ya BIOS (programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows) na Mac iliyofungwa na akaunti ya mtu. Kabla ya kununua, washa mpaka mwisho, unganisha intaneti, subiri dakika kumi.

22. Imemwagikiwa chai.

Chomoa chaja, zima kwa kubana kitufe, toa betri kama inatoka, ipindue kama paa la nyumba. Mchele hausaidii, mchele wa Kyela ni wa pilau. Maji matupu yanaweza kukauka salama kwa siku mbili au tatu. Chai ya maziwa na sukari inabaki inanata na kula bodi polepole, hata kama leo inawaka. Ilete isafishwe kwa spiriti kabla hujaijaribu.

23. Nimekuta kitu cha mtu ndani.

Mifukoni mwa mitumba tumeshakuta risiti, tiketi za basi, sarafu za Ulaya na jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi. Vya thamani ndogo ni vyako. Kitambulisho tunakikata vipande.

Kwenye kompyuta ni zito zaidi: picha, barua, nywila. Usizitazame, futa diski nzima. Na wewe unapouza yako, kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka haitoshi, vinafufuliwa kwa programu ya bure. Tumia chaguo la Windows la kurudisha kompyuta upya, ukubali kuondoa kila kitu pamoja na kusafisha diski. Lichukue usiku mzima kama likitaka.

24. Lini niseme basi?

Nguo: kitambaa kikianza kupitisha mwanga mapajani, kiraka hakina pa kushika. Kompyuta: bodi ikifa kwenye mashine ya kizazi cha 3 kushuka, toa diski na RAM, vingine viache. Skrini na bodi zikifa pamoja, usiniulize.

25. Mnapokea ikirudishwa?

Nguo, siku mbili, isiwe imefuliwa wala kukatwa pindo. Kompyuta tuliyotengeneza, mwezi mmoja kwa kile tulichokigusa. Futi iko juu ya meza, imefungwa kwa kamba kwa sababu tatu zilizotangulia ziliondoka na wateja.